Gari Lililokaa Chini Kipsing

Gari lile likizimwa lilikaa chini. Nalisema hili mwanzoni ili msinifuate baadaye kuuliza lilikuwa na ubovu gani, maana ninyi vijana wa gereji mkisikia gari limelala mnakimbilia spana mfungue springi. Halikuwa na springi. Halikuwa na ubovu pia. Wafaransa walioliunda walitaka liwe hivyo: likizimwa linashuka polepole mpaka tumbo linakaribia ardhi, na likiwashwa linainuka, nyuma kwanza, halafu mbele. Watu wa Isiolo walipoliona likiinuka hawakuhangaika kutafuta jina. Mnyama anayeinuka nyuma kwanza wanamjua. Wakaliita Ngamia, na sisi mafundi tukalichukua jina hilohilo.

Mimi ni Ekal, wa Kiwanjani. Nimefanya ufundi wa magari hapa mjini toka sina ndevu hadi zilipoota mvi, na sasa nimestaafu, nakaa nyumbani nikisikiliza magari yakipita na kuyatambua magonjwa yake kwa sauti. Mmeniomba niwaandikie jambo la kazi litakalowafaa. Nimefikiria malori, nimefikiria matrekta, lakini kila nikishika kalamu narudi kwa Ngamia, kwa sababu ndilo gari pekee lililonitoa jasho la hofu kisha likanifanya nimshukuru Mungu kwa sauti, barabarani, mchana kweupe. Kuna kijana wa Kipsing ambaye siku moja miguu yake ilitegemea ulaini wa gari hilo. Nitafika huko. Kwanza lijueni gari lenyewe, kwa sababu msipolijua hamtaelewa kwa nini mate yalinikauka.

Aliyenifundisha ni Fundi Hassan, Msomali wa hapahapa Isiolo, mwenye mdomo mkali na kicheko chepesi. Gereji yake ilikuwa mabati manne na mti wa mgunga, lakini mtu akiharibikiwa na gari la kifahari kati ya hapa na Moyale aliletwa kwake. Ukimsalimia "salaam aleikum" alikuitikia kwa utulivu wote wa dini, halafu papo hapo akakuuliza kwa nini umeacha koki ya mafuta wazi. Hakunipiga hata siku moja. Alinifundisha kwa kunicheka, na nawaambia kweli, kuchekwa na Hassan kuliuma kuliko kofi.

Gari la Kifaransa tulilikuta likiwa la toleo la zamani, miaka ya sabini ilipokuwa ikianza. Lilikuwa na taa za mbele zinazogeuka pamoja na usukani, kwa hiyo ukikata kona mwanga unatangulia kuangalia kule unakokwenda. Breki yake haikuwa pedali. Ilikuwa kitufe cha mpira sakafuni, kidogo, na dereva aliyezoea lori akikikanyaga kwa nguvu zake zote, paji la uso la abiria linasalimiana na kioo. Nilimwona padri mmoja akilijaribu mbele ya gereji yetu. Alikanyaga mara moja, kofia yake ikatua kwenye dashibodi, naye akashuka akasema atarudi siku nyingine.

Mahali pa springi palikuwa na tufe la chuma kwenye kila gurudumu. Ndani ya tufe mna utando wa mpira, upande mmoja hewa iliyobanwa, upande wa pili mafuta. Pampu inayozungushwa na injini inasukuma mafuta, mafuta yanabana hewa, hewa inalibeba gari. Gurudumu likiingia shimoni, hewa inanywea na kurudi, na aliyekaa kiti cha nyuma hajui kama kulikuwa na shimo. Na mafuta hayohayo ndiyo yaliyokaza breki na kusaidia usukani. Kumbukeni hilo: mafuta hayohayo. Yakimwagika, hupotezi ulaini tu. Unapoteza na breki.

Katikati ya miaka ya sabini likaja toleo jipya. Taa zilitulia, hazikugeuka tena, lakini mengine yalizidi. Usukani ulikuwa na mkono mmoja tu badala ya mitatu, na ukiuachilia ulirudi katikati wenyewe hata gari likiwa limesimama. Dereva wa mara ya kwanza aliushika kwa nguvu akidhani kuna mtu anamnyang'anya. Kipimo cha mwendo hakikuwa na mshale, kilikuwa pipa dogo lenye nambari likizunguka nyuma ya kioo cha kukuza. Waipa ilikuwa moja tu, ndefu. Kioo cha nyuma kilibonyea ndani, mvua haikukaa juu yake, ingawa hapa kwetu tulingoja muda mrefu kupata mvua ya kujaribia. Kando ya dereva palikuwa na wenzo wa kimo. Ukiusogeza gari linapanda juu kwa ajili ya mawe na mito mikavu, na ukiusogeza mpaka mwisho linapanda kabisa, unaweka kigingi chini yake, unalishusha, na gurudumu linabaki hewani. Pancha bila jeki. Wazee wa Kiborana walikuja na vigoda vyao kutazama tukibadilisha tairi.

Halafu Wafaransa wakaona wakubwa wana miguu mirefu, wakalirefusha gari lenyewe kati ya mlango wa mbele na wa nyuma ili mkurugenzi akae nyuma anyooshe miguu bila kugusa kiti cha dereva. Hilo refu ndilo Ngamia lililofika Isiolo mwishoni mwa miaka ya sabini, jeusi, likiwa la Bwana Mkurugenzi wa kampuni moja ya kununua mifugo. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mnene, mpole wa sauti, na alilipenda gari lile mno. Viti alivivika vitambaa vyeupe. Nje ya mlango alikuwa na tambara la kupangusia viatu, na wewe fundi uliyeitwa kulitengeneza ulipangusa pia. Mara moja alimkataza daktari wa mifugo asipande kwa sababu ya buti zake. Wala hakuwa mtu mbaya. Kuna watu wakipata kitu kizuri wanaogopa kukitumia.

Sasa mafuta. Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo achaneni na simu kidogo. Magari ya zamani kabisa yalitumia mafuta mekundu, ambayo ni ndugu wa maji ya breki. Ukiishiwa njiani uliongeza maji ya breki ya duka lolote ukafika nyumbani. Hassan aliyajua mekundu kama anavyojua chai yake. Kisha Wafaransa wakayaacha, wakaleta ya kijani, ambayo ni mafuta hasa, yale yanayotoka ardhini. Mpira wa ndani ukabadilishwa ufanane nayo. Gari la kwanza la kijani lilipoingia gerejini likiwa limepungukiwa, Hassan hakuuliza. Alichukua kopo la maji ya breki kama siku zote akamimina, huku akinisimulia habari za harusi ya binamu yake.

Baada ya siku chache gari liliinuka upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Baadaye halikuinuka kabisa. Tulipofungua tulikuta kila mpira umevimba na kulainika, unaushika unakatika mkononi kama ugali wa jana. Tuliosha paipu moja baada ya nyingine, tukangoja mipira mipya kutoka Nairobi, na mwenye gari alikuja kila asubuhi kusimama mlangoni. Hassan hakumlaumu Mfaransa wala hakunisukumia mimi. Alichukua mpira mmoja uliovimba akautundika kwenye msumari juu ya benchi la kazi.

"Warya," aliniambia, neno la Kisomali la kumwita kijana, "angalia hii vizuri. Mkono yangu ilijua kazi sana, ikasahau kuuliza."

Tangu siku hiyo nilifunzwa kuyatambua mafuta kabla ya kuyamimina. Unatia tone kati ya kidole gumba na cha shahada. Ya kijani yanateleza na kubaki yanateleza. Maji ya breki yanateleza, halafu yanaanza kunata. Unayanusa. Hassan aliyaonja pia, nami nikayaonja. Ninyi msionje. Sisi tulikuwa wajinga wenye bahati.

Basi siku ya Kipsing ilikuwa hivi. Kulikuwa na kiangazi, na wafugaji wa Kipsing, kijiji kilicho magharibi ya Isiolo, walikuwa wamegombania maji na malisho. Baraza liliitwa ili wapatanishwe, na Bwana Mkurugenzi akaombwa ahudhurie kwa kuwa kampuni yake ndiyo iliyonunua ng'ombe wao. Dereva wake alikuwa likizoni. Akaja gerejini akasema hamwamini mtu mwingine na gari lake kwenye mawe yale, kwa hiyo Hassan aniachilie niende kuliendesha, na nikiwa fundi basi ni faida mara mbili. Nikapangusa viatu nikaingia.

Tulipita kijiji cha Leparua gari likiwa limepandishwa kidogo kwa wenzo. Barabara ile ilikuwa na mikunjo midogomidogo ya kila mahali, ile inayotingisha meno. Lori lililokuwa mbele yetu, lenye magunia ya unga wa shule, lilirukaruka mpaka nikaogopa litamwaga mzigo. Sisi tulipita kimya. Mkurugenzi alikuwa nyuma akisoma gazeti, na nilipomtazama kwenye kioo ukurasa haukutetemeka.

Kipsing niliegesha kwenye kivuli karibu na zahanati, nikazima injini, nikaenda kukaa pembeni ya baraza kusikiliza. Baraza la maji halina haraka. Kila mzee lazima aanze na babu yake. Nyuma yetu Ngamia likaanza kushuka, polepole kama kawaida yake, na mimi sikujali, nililiona likifanya hivyo kila siku ya kazi yangu.

Lakini Ata Nakiru hakuwahi kuliona. Ata ndivyo Waturkana tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye shanga mpaka kidevuni, ambaye hakuwa na muda wa kusikiliza wanaume wakitaja babu zao. Aliona gari la mgeni likizama. Wakati wa kiangazi, ng'ombe aliyedhoofika akianza kulala, wafugaji wanamwinua na kumwekea miti na mawe chini ya tumbo asifike chini, kwa sababu akifika chini haamki tena. Ata Nakiru akawaita wanawake wenzake. Wakakusanya mawe, wakayapanga chini ya tumbo la gari la Bwana Mkurugenzi, kwa upendo wote, wakaliacha likiwa limeegemezwa vizuri. Nilikuja kuyajua haya baadaye. Ngamia likaendelea kushuka juu ya mawe yale, na jiwe moja lenye ncha likaikata paipu ya kurudishia mafuta.

Hapo ndipo tulipoona vijana wanne wakija mbio wamebeba ngozi ya ng'ombe, na juu ya ngozi amelazwa mtu. Alikuwa Ewoi, mjukuu wa huyohuyo Ata Nakiru, kijana mrefu kiasi kwamba nyayo zake zilizidi ngozi. Alikuwa amemfuata mbuzi juu ya mwamba, mwamba ukamponyoka, akaangukia mgongo. Baraza likavunjika lenyewe.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Mmeru, Sista Kanana, mama mfupi anayezungumza kama anayehesabu vidonge. Alipiga magoti, akamshikashika Ewoi miguuni, akamwambia asogeze vidole. Vidole vikasogea, kidogo sana. Akasimama akatutazama sote.

"Mfupa ya mgongo imevunjika," alisema. "Lakini ile mshipa kubwa ya ndani bado. Vidole inasonga, mnaona? Lazima aende Isiolo leo. Na asirushwe. Akirushwa vibaya mara moja tu, mfupa itakata mshipa na huyu hatatembea tena."

Dereva wa lile lori la unga, naye akiwa amefika Kipsing, akasema yuko tayari kumbeba bure. Sista Kanana alilitazama lori, akakumbuka barabara, akatikisa kichwa.

"Na hiyo lori, hapana. Afadhali alale hapa kuliko hiyo lori."

Halafu watu wote wakageuka kulitazama gari jeusi. Nami nikamtazama Mkurugenzi. Alikuwa akitazama vitambaa vyake vyeupe, kisha akamtazama Ewoi, ambaye alikuwa na vumbi, damu ya magoti na mavi ya mbuzi. Ilichukua muda mfupi tu, lakini niliuona uso wake ukipita mahali pagumu.

"Ekal," akaniambia, "toa kiti ya mbele."

Nilikimbia kuwasha injini kwanza ili gari lianze kuinuka nikifungua kiti. Nyuma ikainuka kidogo, ikasita. Mbele haikuinuka kabisa. Nikainama, nikaona mawe, na katikati ya mawe mchanga umelowa kijani. Nikazima injini upesi.

"Nani ameweka mawe hapa?" Mkurugenzi aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya upole.

Ata Nakiru akajitokeza. Hakujificha nyuma ya mtu. Akaeleza kwa Kiturkana, nami nikatafsiri, kwamba gari lilikuwa linalala na wao waliliegemeza lisife. Kisha akaona jinsi tunavyotazama mchanga ule, akaelewa kabla sijamwambia. Akakaa chini palepale kando ya mjukuu wake, akashika kichwa.

"Nimemkata miguu kwa mkono wangu," alisema.

Mkurugenzi alikuwa amefungua mdomo kugomba. Akaufunga. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa kampuni yake yote.

"Ata, bado," nikamwambia bibi. "Ngoja niingie chini."

Nikaingia. Na hapo, vijana, nikapata unafuu wa kwanza wa siku ile. Paipu za Ngamia ni za aina mbili. Za chuma zinapeleka mafuta kwa msukumo mkubwa, na ya chuma ikikatika porini umekwisha, unaanza kutembea. Lakini iliyokatika ilikuwa ya kurudishia, ya plastiki, ambayo mafuta yanapita yakirudi kwenye tangi bila nguvu. Hiyo unaweza kuifunga hata kwa akili ya kawaida. Niliomba Sista kipande cha mpira wa dripu, nikakivika juu ya sehemu iliyokatika, nikakifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na waya, nikakaza mpaka vidole vikauma. Wanaume wakaliinua gari kwa mikono, wakahesabu pamoja, na wanawake wakayatoa mawe yao.

Lakini tangi lilikuwa karibu tupu. Mafuta ya kijani yalikuwa yamenywewa na mchanga wa Kipsing. Dereva wa lori akaniletea msaada kwa moyo mweupe: kopo kubwa la maji ya breki, jipya, halijafunguliwa.

"Weka hii. Hii gari zote za Mfaransa inakunywa hii," alisema. "Nimeona kwa macho yangu."

Na kweli alikuwa ameona, kwenye zile za zamani. Nililishika kopo lile mkononi. Watu wote walikuwa wakingoja nimimine. Ewoi alikuwa akiugua kwa sauti ndogo. Ningemimina, gari lingeinuka, na lingekwenda, pengine mpaka Leparua, pengine mpaka mjini. Au mipira ingeanza kuvimba njiani na breki ingeniachia nikiwa nimembeba mgonjwa. Nikauona ule mpira wa Hassan juu ya msumari. Nikamrudishia kopo.

"Hii inataka mafuta ya ardhini, nyembamba," nikamwambia. "Ya injini yako ni nzito na nyeusi. Huna nyingine?"

Hakuwa nayo. Mkurugenzi akauliza kama mafuta ya kupikia yanafaa, nikasema hapana, yanatoka kwa mmea. Mtu akataja samli ya ngamia, na katika hali nyingine ningecheka. Sista Kanana ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Mafuta ya ardhini, nyembamba, si ya mmea wala ya mnyama?"

"Ndiyo, Sista."

"Kama parafini ya hospitali? Ile nyeupe, haina harufu? Tunapea watu wamefunga choo."

Nikamwambia ailete niione. Akatoka na chupa kubwa ya kahawia. Nikatia tone kati ya vidole. Liliteleza, likabaki linateleza. Nikanusa, hakuna kitu. Nikaonja pia, Mungu anisamehe, na halikuwa na ladha yoyote. Nikamwuliza kama ana nyingine. Alikuwa na stoo yake ya miezi kadhaa, na akaileta yote, akisema Kipsing itabidi ile mboga sana mpaka apate nyingine.

Nikamimina dawa ya tumbo kwenye tangi la gari la kifahari kuliko yote ambayo kaunti hii imewahi kuyaona. Nikawasha injini. Pampu ikalia kwanza, ile sauti kavu ya kutafuta, nikafungua koki ya kutoa hewa, nikaifunga. Nikangoja. Nyuma ikainuka. Halafu mbele nayo ikainuka, Ngamia likasimama wima, na watu wote wa Kipsing, wale waliokuwa wakigombana asubuhi, wakashusha pumzi pamoja. Nikalala chini kuangalia paipu yangu. Ilikuwa imelowa lakini haikudondosha. Nikakanyaga breki mara nyingi nikiwa nimesimama, nikaendesha kuzunguka zahanati, nikakanyaga tena. Zilishika.

Nilifungua boliti za kiti cha mbele nikakitoa. Tukang'oa ubao wa benchi la wagonjwa, tukamfunga Ewoi juu yake kwa shuka, tukaupitisha mlangoni ukalala kutoka kwenye dashibodi mpaka kiti cha nyuma, mbele tukiuinua kwa magunia ya unga ya dereva wa lori ili ulale sawa. Gari la kawaida lisingemtosha. Walilirefusha kwa ajili ya miguu ya wakurugenzi, na siku hiyo lilitosha miguu ya Ewoi. Sista akamdunga sindano ya maumivu akakaa nyuma akishika kichwa chake. Mkurugenzi alibaki Kipsing, amesimama kando ya kiti chake cheupe kilichowekwa juu ya vumbi. Ata Nakiru alimwonyesha kwa mkono akikalie.

Sijawahi kuendesha vile kabla wala baada. Niliweka wenzo kwenye kimo cha kati, nikapita mikunjo ile kwa mwendo wa taratibu, nikisikiliza pampu, breki na pumzi ya yule kijana kwa wakati mmoja. Kwenye mito mikavu nilishuka nikaondoa mawe kwa mkono kwanza. Usukani ulirudi katikati wenyewe, nami nikauacha urudi. Tulipokaribia Leparua, kuugua kukakoma. Nikasubiri asikike tena. Kimya. Mikono yangu ikaanza kulowa.

"Sista," nikauliza bila kugeuka, "amekufa?"

"Analala," alisema Sista Kanana. "Sikiliza, anakoroma. Wewe angalia barabara."

Nikasikiliza, na kweli alikuwa akikoroma. Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa sauti. Sista akasema amina, na mbuzi waliokuwa barabarani wakatupisha.

Hospitalini Isiolo daktari alimlaza na ubao wake vilevile, akachukua ufunguo wake akaukwaruza kwenye wayo wa Ewoi. Ewoi akaamka akavuta mguu wote, akamtukana daktari kwa Kiturkana, tusi refu, linaloanzia kwa mama mkwe. Daktari akaniuliza amesema nini. Nilimwambia anashukuru. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nami ni mgonjwa.

Kesho yake Hassan alifungua tangi, akatia tone kidoleni, akakunja uso. Akaliweka ulimini.

"Warya, umeweka nini hapa?"

Nikamweleza. Alikaa juu ya tairi akacheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akanipiga bega, akaniagizia chai ya maziwa na mahamri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tukayatoa mafuta yote, tukaosha, tukaweka ya kijani. Hakuna mpira hata mmoja uliovimba. Mkurugenzi alirudi na lori, amekaa juu ya magunia na kiti chake cheupe, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema mazungumzo ya maji yalimalizika usiku uleule, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuendelea kugombana. Vitambaa vyeupe hakuvirudisha. Sijui kama alivisahau au vipi, sikumwuliza.

Ewoi alilala chali miezi kadhaa, halafu akakaa, halafu akashika magongo. Habari zake zilitufikia kupitia kwa watu wa Kipsing waliokuja mjini, na kila habari ilitutua mzigo kidogo. Asubuhi moja mwaka uliofuata, Mkurugenzi akiwa gerejini kwa ajili ya breki, tukaona kijana mrefu akija kutoka upande wa magharibi akimvuta mbuzi dume. Hakuwa na gongo. Vumbi lilimfika magotini. Alitusalimia, akampa Hassan kamba ya mbuzi, akasema ametumwa na Ata.

"Umekuja na gari gani?" nikamwuliza.

"Hakuna gari. Nimetembea."

Alikunywa chai, akasema anarudi. Mkurugenzi akainuka haraka, akamfungulia mlango wa mbele kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia kuwa leo anakwenda upande huo, apande, na safari hii akae kama mtu. Ewoi alilitazama gari, akaweka kiganja juu ya boneti yake, akakiacha hapo kidogo.

"Asante, mzee," alisema. "Hii ngamia yako ni nzuri. Lakini mimi nataka kutembea."

Akafunga shuka lake vizuri akashika njia ya Kipsing. Hassan, Mkurugenzi na mimi tukatoka nje ya gereji, kazi tukaiacha, tukasimama kuitazama miguu yake mpaka hatukuiona tena.